Mfamasia Aliyekwenda Kunawa Mikono

Mfamasia hakuhesabu vidonge kwa kidole hata siku moja. Alikuwa na kisu cha mezani kisichokata, na kwa mgongo wa kisu hicho alivisogeza vidonge vitano vitano kwenye sahani, midomo ikichezacheza, na ole wako umsalimie katikati. Mimi, karani wake wa utafiti, nilimkatiza siku yangu ya kwanza kazini. "Shikamoo, Mama." Alivirudisha vyote koponi, akahesabu upya mpaka mwisho, ndipo akaniitikia.

"Marahaba. Kabila gani wewe?"

Nilimwambia Mzaramo. Alicheka mpaka akashika kaunta. "Basi nimeletewa mtani. Kazi imekwisha hapa, tutacheza ngoma tu."

Kwa asiyejua, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zake walipokuwa wakipita kwetu kwenda pwani na mizigo vichwani. Mtani akikutukana hukasiriki. Mtani anaweza kukuomba chochote, hata shati ulilovaa, na ukimnyima hakuna aliyeaibika, maana ulikuwa mzaha. Kwenye msiba yeye ndiye mwenye ruhusa ya kuchekesha watu. Naeleza mapema kwa sababu jambo hilo ndilo lililonivunja moyo, na bado sijapona.

Mfuko wa kulia wa koti lake jeupe ulikuwa na matobolwa siku zote. Mgonjwa aliyekuja na njaa alipewa vipande viwili vitatu vya viazi hivyo vikavu avitafune kabla ya kumeza chochote. "Dawa haipendi nyumba tupu," alisema. Jumapili aliimba sauti ya pili katika kwaya ya Wamoravian, nusu pigo nyuma ya wenzake, na katika miaka yote niliyomjua hakutokea shujaa wa kumwambia. Alikuja kazini kwa baiskeli hata baada ya mradi kupata gari. Gari, alisema, linampitisha mtu haraka mno mbele ya wagonjwa wake.

Na huyu huyu aliyeshinda akiwahimiza watu kumeza dawa, yeye mwenyewe hakumeza. Kichwa kikimuuma alikoroga asali ya Sikonge kwenye maji ya moto, akajifunga khanga kichwani, akalala sakafuni kwenye stoo. Nikamtania kwamba Mnyamwezi ni mtu wa ajabu, anabeba asichokila. Alinijibu akiwa amefumba macho: "Nazijua hizi kwa majina yote mawili, la kopo na la ubatizo. Ndiyo maana naziogopa."

Alikuwa mkali kwa sheria. Dirisha la dawa lilifungwa saa tisa na nusu alasiri, na mara kwa mara alitokea mtu saa kumi kasoro, kaja kwa baiskeli kutoka porini huko, vumbi mpaka kwenye kope. Mfamasia alimtazama akamwambia, "Nimefunga." Kisha aliweka funguo juu ya kaunta, karibu na mkono wangu, akasema kwa sauti ya mtu anayejisemea mwenyewe, "Nakwenda kunawa mikono."

Mara ya kwanza nilikaa kama gogo. Muuguzi mmoja ndiye aliyenikemea. "Wewe Mzaramo, unasubiri nini? Mpe mtu dawa zake." Vifurushi vilikuwa vimeshahesabiwa na kuandikwa majina, kazi ilikuwa kufungua kabati tu. Nilimpa, akaondoka na baraka tele. Mfamasia akarudi, akachukua funguo, hakuuliza kitu. Mikono yake ilikuwa mikavu kabisa.

Nilizoea. Nilidhani nimemwelewa.

Utafiti wetu ulikuwa wa dawa za kifua kikuu. Kati ya dawa nne za mwanzo iko moja inayoelemea ini, na watu hawalingani katika kuipokea. Kuna ambaye mwili wake huivunja haraka, na kuna ambaye humkalia mwilini mpaka ini likachoka. Tofauti hiyo mtu huzaliwa nayo, huirithi kwa wazazi, na siku hizi husomeka kwenye tone la damu. Swali letu ni jepesi kulitamka: tukisoma kwanza vinasaba vya mgonjwa na kumpunguzia dawa hiyo yule anayechelewa, je, wataumia wachache kuliko tukiendelea na kawaida, yaani dozi kwa uzito na macho yetu wazi? Tena tulitaka jibu la hapa hapa, kwenye zahanati zenye muuguzi mmoja na barabara ya vumbi.

Namna alivyowaeleza wagonjwa sijasikia kwa mtu mwingine. "Wapagazi wa zamani walipewa mizigo sawa. Aliyefika kambini akautua mara moja alikuwepo, na aliyelala nao shingoni alikuwepo pia. Sisi tunataka kujua wewe ni yupi kabla hatujakutwika." Wazee walitikisa vichwa. Wengine walianza kumhadithia mabega ya babu zao, naye akasikiliza mpaka foleni ikanuna.

Wataalamu walipokuja na rasimu ya kwanza, walikuwa wameorodhesha watu wasiotakiwa: wanywaji pombe, wanaotumia mitishamba, wanaokaa mbali, wasio na simu. Mfamasia alipita kwenye orodha na penseli, akaiweka mezani.

"Sasa mmebakiza nani? Mwalimu mkuu na mkewe?"

Mmoja akaeleza kwa upole kwamba watu hao wangevuruga majibu.

"Basi nendeni mkapime malaika," alisema. "Wagonjwa wangu wanakunywa, wanachemsha mizizi, na simu ni ya jirani. Ninyi mkishaondoka, hao ndio watakaobaki wakiimeza dawa hii. Mkiwatoa, mtakuwa mmejibu swali la nani?"

Walifuta orodha karibu yote. Alikubali waachwe wale tu ambao ini lao lilikuwa limeshaharibika.

Jambo jingine tulijifunza kwa aibu. Katika majaribio ya mwanzo kura ilipigwa kwa kila mgonjwa: huyu asomwe damu, huyu aende kawaida. Nyumba moja ya upande wa Sikonge ilikuwa na wagonjwa wawili, mama mkwe na mkamwana, na kura ikawatenga. Tulipokwenda kuhesabu vidonge vilivyobaki, tukakuta vyote viko kwenye kibuyu kimoja. Mama mkwe hakuona alichokosea. "Nyumba moja, chungu kimoja," alituambia. "Mkamwana wangu ale dawa iliyosomewa, mimi nile ya kubahatisha? Au mimi nimnyang'anye? Nilichanganya, tukagawana sawa."

Wataalamu walikasirika, wakasema watu hawa hawafuati maagizo. Mfamasia akawaambia wamefuata maagizo waliyolelewa nayo, na kwamba karatasi ndiyo iliyokosea. Njiani kurudi, tulipoanza kuona nyumba za mjini, alisema kura ipigwe kwa zahanati. Zahanati hii wote wasomwe, ile wote waende kawaida. Chungu kimoja, dawa ya aina moja.

Ndivyo ilivyofanyika. Wauguzi wa zahanati walikusanyika, karatasi zikakunjwa zikatiwa kwenye kopo tupu la dawa, kila mmoja akachukua yake mbele ya wenzake. Aliyepata "kawaida" alilalamika kwamba wagonjwa wake wameonewa. Mfamasia akamshika mkono. "Ningejua kipimo kinasaidia nisingepiga kura, mwanangu. Napiga kura kwa sababu sijui. Na wewe hujui."

Siku hiyo hiyo aliniamuru niandike sheria kwenye karatasi ya manila, niibandike ukutani juu ya meza yangu. Maneno ni yake, nami bado nayajua kwa moyo: "Mgonjwa ni wa zahanati ya kwao. Hahami kwa ajili ya kura. Tukianza kuwahamisha wanaotujua, watakaobaki ni wale wasio na mtu, na jibu letu litakuwa uongo." Niliipenda sana sheria hiyo. Nilikuwa kijana, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kufanya kazi na mtu ninayetaka kufanana naye.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, mkulima wa tumbaku kijiji kimoja kupita Goweko. Mrefu, kofia ya pama siku zote, mguu mmoja ukiburuta kidogo. Akija mjini alipitia kwetu kwanza, na tulitukanana mpaka wagonjwa wakasahau vikohozi vyao. Halafu kikohozi kikampata yeye. Zahanati ya kwao ilikuwa imepata karatasi ya "kawaida".

Akaja Jumatatu moja, kabla hajaanza dawa. Mfamasia alikuwa ametoka kidogo. Daftari la zahanati za upande wa Puge, ambazo wagonjwa wao walisomwa damu, lilikuwa wazi mbele yangu, na sikumbuki kulifungua.

"Mtani, umesikia? Nimeoa Puge."

"Lini tena, na kikohozi hicho?"

"Jana. Mwanamke mwenyewe hajali. Sasa mimi ni mtu wa Puge, niandike huko nikasomwe damu. Nitakuletea debe la asali."

Alikuwa anacheka. Na mimi nilicheka. Nikainua kalamu nikamwonyesha ukutani, kisha nikamsomea sheria yote, neno kwa neno, kwa sauti ya dada yake, na pale kwenye "wasio na mtu" nikatikisa kidole kama yeye. Aliifuata karatasi kwa macho mpaka mwisho. Alivua kofia, akaivaa tena.

"Haya," alisema. "Mzaramo ukimwomba maji anakupa kiu."

Akapanda baiskeli yake akaenda. Mfamasia aliporudi alitazama daftari, akanitazama mimi, akaenda kwenye sahani yake ya vidonge. Alikosea hesabu. Akaanza upya, akakosea tena. Hakuna aliyekuwa amemsalimia.

Hakukosa hata dozi moja, yule bwana. Dada yake alikuwa na msemo aliouimba kwa kila mgonjwa, "Dawa haina Jumapili," na alimwambia pia, mimi nikiwepo, kwamba akiona macho yanageuka manjano aache dawa siku hiyo hiyo aje mjini. Lakini ulikuwa msimu wa kukausha tumbaku. Wanaume walikesha kwenye mabani, vile vibanda vya kukaushia, wakichochea moto, na kijiji kizima kilikuwa na macho mabovu kwa moshi. Naye alidhani ni moshi. Alipoletwa mjini hakuwa anajua jina lake mwenyewe, na siku ya tatu akafariki. Mfamasia alikuwa amemshika miguu.

Mazishini waliniita kwa sauti: mtani yuko wapi? Shangazi yao akanitwika ile kofia ya pama. Ningesema nini? Nilitembea mbele ya waombolezaji nikiburuta mguu, nikakohoa, nikatangaza kwamba marehemu hajafa, ametorokea Puge kwa mke mpya. Watu walicheka huku wanalia, kama inavyotakiwa. Mfamasia alikuwa amekaa kwenye mkeka. Niliposema Puge alifunika uso kwa khanga, mabega yakatetemeka, nikaona nimemchekesha.

Nilipokaa, shangazi akaniinamia. "Kama mama yao," alisema. "Naye alianza dawa za kifua, akaondoka na macho ya manjano. Hawa walikuwa wadogo. Ndiyo maana huyu akasomea dawa."

Nilivua ile kofia. Miaka yote ile Mfamasia hakuwa amenitajia mama yake. Na mdogo wake, alipokuja kwangu akicheka, alikuwa anajua ametoka tumbo gani.

Fomu ya kifo nilijaza mimi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Kwenye kundi niliandika "kawaida". Mfamasia alisimama nyuma yangu. "Andika vizuri," alisema, "isije ikasomeka vingine." Aliendelea na kazi mpaka alipostaafu, kisu kile kile, matobolwa yale yale mfukoni. Kitu kimoja tu kilibadilika. Waliochelewa dirishani aliwahudumia mwenyewe, mbele ya macho yetu, na hakuweka tena funguo kaunta.

Nami nilinyamaza. Sikumwambia kwamba mdogo wake alikuja kwangu. Kila nilipotaka kusema nilimwona akihesabu, nikajiambia nisimkatize. Nilikaa na jambo hilo kama mtu aliyekaa na mfupa kooni, anakula, anacheka, na mfupa upo.

Mwezi uliopita nilikwenda kwake. Wagonjwa wa makundi yote walikuwa wameacha tone la damu, na matone ya kundi la kawaida yalihifadhiwa yasomwe mwishoni. Jibu la jumla bado halijatoka, sitajifanya nalijua. Ila barua za familia zilianza kutumwa kwa waliotaka kuambiwa, na moja ilikuwa na jina lake kama ndugu wa karibu. Niliomba niipeleke mwenyewe.

Nilimkuta barazani anabambua karanga. Amepungua; koti lile sasa lingemzunguka mara mbili. "Karibu, mtani," alisema. "Kaa, ule ulichokuja kuiba." Nilimpa barua. Aliisoma kwa kidole, yeye ambaye hakuwahi kugusa kitu kwa kidole.

"Anayechelewa," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Kama Mama."

Alibambua karanga tatu, nne. Nikaona nisiposema leo sitasema. "Mama, nina jambo. Alikuja kwangu kabla hajaanza dawa. Aliniomba nimwandike Puge. Nilidhani ni utani."

Hakuinua kichwa. "Alicheka?"

"Alicheka sana."

"Alisema ameoa?"

Neno lile nililisema mazishini kama mzaha wa mtani, sikumwambia mtu nimelitoa wapi.

"Mke wa Puge nilimtunga mimi," alisema Mfamasia. "Alinililia jikoni kwangu Jumapili ile, mtu mzima. Anasema, dada, mimi ni mtoto wa Mama, nisomeni damu. Ningemwandika kwa mkono wangu, kila zahanati ingekuwa na dada wa mtu. Nikamwambia, nenda kwa mtani wako, kamwombe kwa utani. Akikunyima hutaaibika. Na akikubali, mimi sitaona." Alipepeta maganda kwenye ungo. "Daftari lile nililifungua mimi nikaliacha mbele yako. Nikasema nakwenda kunawa mikono. Hukusikia?"

Sikusikia, au nilisikia nikadhani ni mikono kweli. Sijui. Nimejaribu kuikumbuka asubuhi ile mpaka imechakaa.

"Wagonjwa wa saa kumi wote uliwafungulia," alisema. Hakuwa na hasira. Ningemshukuru Mungu kama angekuwa na hasira. "Nilijua una moyo laini. Nilisimama pale nyuma ya stoo nikasubiri univunjie sheria. Ulimwambia nini?"

"Nilimsomea sheria."

"Yote?"

"Yote, Mama. Neno kwa neno."

Alitikisa kichwa polepole, kama anavyokubali hesabu iliyotimia. "Nilikufundisha vizuri," alisema, na machozi yakamtoka, na mimi yakanitoka, na hapakuwa na mtani wa kutuchekesha kwa sababu mtani nilikuwa mimi.

Alijipangusa kwa ncha ya khanga. Aliniwekea ungo mapajani nimalizie zilizobaki, akainuka kwa kushika ukuta. "Nakwenda kunawa mikono," alisema.

Nilisikia kata ikichota ndoo ya uani, na maji yakimwagika, na kata ikichota tena. Alinawa kwa muda mrefu. Aliporudi mikono yake ilikuwa inachuruzika maji mpaka kwenye viwiko, akaketi, tukaendelea kubambua.